Jalada la Nyamizi na Bomba la Mzee Mahona

Jumatatu, 4 Machi 1996
Mwalimu Eufrasia katangaza jambo. Kampuni mpya ya kununua pamba, ile iliyofungua ofisi karibu na stendi ya Bariadi, inatafuta mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne. Kazi yake: kuwaandikia wakulima maelekezo ya dawa za pamba na mabomba ya kuinyunyizia, Kiswahili na Kiingereza. Ataanza likizo ya Juni, akimaliza shule anaajiriwa. Zamani ushirika ulimtuma bwana shamba aje aeleze kwa mdomo. Hawa wa binafsi wanaleta karatasi. Anayetaka atengeneze jalada la kazi zake, waone kama anaandika akaeleweka.

Kazi ya kuandika. Ndani ya chumba. Kimya! Mungu kanikumbuka.

Maana baba kashasema: nisipopata kitu naenda Lamadi kwa shangazi Pelagia kuuza dagaa. Shangazi huita wateja walio ng'ambo ya barabara, na wanakuja. Mimi jana nilitumwa chumvi, mwenye duka akanipa sukari. Nilishindwa kumwambia. Nikarudi na sukari.

Jumanne, 5 Machi
Leonidas anayekaa nyuma yangu ana jalada la chuma mgongoni, kaletewa kutoka Mwanza. Ndani yake karatasi tano. Tano tu! Langu nimelishona kwa gunia la pamba. Nimeweka taarifa ya jaribio la kutu, mchoro wa baiskeli wenye jina la kila kipande, muhtasari wa kikao cha darasa, hata insha ya Darasa la Saba juu ya usafi wa choo. Pamba hushinda kwa uzito. Jalada nalo vilevile, naona.

Leonidas kalinyanyua akasema litafaa kufungia dagaa. Nani kamwambia habari za Lamadi?

Jumatano, 6 Machi
Maelekezo ya bomba la mgongoni. Ya Kiingereza nimeyamaliza kabla uji haujapoa. Mistari sita, amri tupu, sikuona haya hata kidogo. Sina babu anayesoma Kiingereza.

Ya Kiswahili ndiyo kazi. Watakaosoma ni wazee. Nitamwambiaje mzee wa watu "Fungua! Jaza! Kaza!" kama namfukuza ndama shambani? Kwa hiyo nimeanza na salamu ya Kisukuma. Mwangaluka. Kisha hali ya nyumbani, mvua, mifugo. Kisha nimeomba radhi kwa kuwachukulia muda. Maji yanaingia kwenye bomba ukurasa wa tatu.

Lile onyo la kukaza kifuniko kabla ya kujitwika nimeliweka mwisho kabisa. Mzee haanzi kuambiwa mabaya hata hajakaa vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu anataka kila maelekezo yajaribiwe kwanza na mtu asiyeijua kazi yenyewe. Kumwomba mtu! Nilizunguka nyumba ya jirani mara nne, mbwa wao akachoka kubweka. Mwishowe nimemsomea ndama wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza swali. Nimeandika: yamejaribiwa, hakuna tatizo.

Si uongo.

Ijumaa, 8 Machi
Siku mbaya. Niandike nisiandike? Naandika.

Amekuja Bwana Januarius wa kampuni, na bomba lenye maji matupu. Kaja na Mzee Mahona, mkulima wa njia ya Lagangabilili, hajawahi kushika bomba. Mzee kavaa koti lake la kanisani kwa sababu kaitwa shule. Alisomewa ya Leonidas kwanza. Fungua, jaza, kaza, beba. Akafanya yote, kisha akamgeukia Leonidas akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, na kama kwao hawasalimii watu. Lakini maji hayakumwagika.

Kisha yangu. Mwalimu akasoma, mimi nikaangalia viatu. Kwenye salamu mzee akavua kofia. Akaitikia mhola. Habari za mifugo akazijibu zote, mpaka ng'ombe aliyevunjika pembe. Bwana Januarius akaangalia saa. Ukurasa wa tatu mzee akajaza maji, akajitwika, akainama kushika mpini wa kupampu. Mwalimu alikuwa bado anafungua ukurasa wa nne, wenye onyo.

Maji yote yalimwingia mzee shingoni, ndani ya koti.

Darasa lilicheka. Leonidas akasema nimeandika barua ya posa. Bwana Januarius hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Na ingekuwa dawa, binti?"

 

Aliyenitetea ni Mzee Mahona mwenyewe, anakamua koti. Alisema, "Huyu mtoto kalelewa. Mpe siku mbili. Mimi nimelowa tu, sijatukanwa."

Bwana Januarius kakubali. Jumapili baada ya misa anapitia kwa Mwalimu kuchukua karatasi, kisha anapanda basi la Mwanza. Kanionya kwamba atasoma ukurasa wa kwanza tu. Asipojua bomba linavyofanya kazi kufikia mwisho wa ukurasa huo, nafasi ni ya Leonidas.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeandika upya. Ukurasa mmoja. Onyo mstari wa kwanza, kwa herufi kubwa: KAZA KIFUNIKO KABLA YA KUBEBA. Hatua saba, kila moja na mchoro wake. Safari hii nimemwomba mama ajaribu, kwa bomba lile lililoachwa na kampuni, nikiwa nyuma ya mlango, lakini nimemwomba. Alijitwika, akainama, akazunguka uwanja mzima. Mkavu! Akasema, "Kumbe ni rahisi hivi."

Mwalimu kaupitia, kasema unaushinda wa Leonidas mbali. Kazi ni yangu. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna hii.

Jumapili, 10 Machi
Sikulala vizuri. Ule ukurasa ulinitazama. Herufi kubwa zile! Kama nampigia kelele Mzee Mahona, tena aliyenitetea, tena aliyelowa koti. Na Bwana Januarius atanionaje? Binti anayerudi mbele ya watu na amri, hata pole hajasema?

Nimeamka alfajiri nikamwandikia Bwana Januarius barua ya kuomba radhi. Nimeanza na hali ya nyumbani kwake, nikaja kwenye mvua, nikaeleza la koti la mzee kwa urefu, maana halielezeki kwa kifupi. Kurasa nne. Nimezishona pamoja na maelekezo kwa uzi wa gunia, mishono mingi, zisije zikapotea njiani.

Nimempa Bwana Januarius mwenyewe mkononi baada ya misa, nikakimbia kabla hajasema neno. Basi limeondoka saa tano.

Nina amani kabisa. Kasema atasoma ukurasa wa kwanza tu, basi barua nimeiweka juu.