Borrow, Lend na Foleni ya Kituo cha Chai

Jumatatu, 10 Machi

Uchaguzi wa katibu wa kituo chetu cha majani chai hapa Kapsoit ni Ijumaa! Katibu husimama kando ya mizani akitazama wengine wakibeba vikapu. Kazi yangu kabisa. Mke wangu Chepkosgei ameapa kwamba nikishindwa, nitachuma chai mwenyewe kila asubuhi. Na mvua hii!

Mpinzani wangu ni jirani yetu, Onyiego. Leo nimemsikia akimwambia mtu, "Borrow me panga yako." Aibu! Mtu asiyejua tofauti ya borrow na lend atasoma vipi barua za kiwanda? Nimemmaliza.

Jumatano, 12 Machi

Hotuba iko tayari. Borrow ni kuchukua kitu cha mwenzako kisha ukirudishe. Lend ni kumpa mwenzako kitu chako, naye akurudishie. Chepkosgei akauliza ni lini nimewahi kufanya hiyo ya pili. Msomi habishani jikoni.

Mavazi pia tayari. Koti la Kiptanui, ninalo tangu Krismasi. Gambuti za Kebaso. Miwani ya Mama Phyllis: sioni kitu, lakini inaniongezea elimu. Jukwaa litakuwa kile kikapu cha Onyiego kilichobaki kwangu, nikikipindua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimehutubu! Mwenyekiti akasema tupige foleni, kila mtu nyuma ya anayemtaka. Nikageuka. Foleni yangu ilifika barabarani! Kwa Onyiego, watu wachache tu. Machozi yalinitoka.

Wa kwanza, Mama Phyllis, akaninyooshea mkono. Nikaushika, nikamshukuru kwa kura.

"Kura gani?" akasema. "Leta miwani yangu. Si umesema borrow ni kurudisha?"

Kiptanui akanivua koti. Kebaso akachutama kungoja gambuti. Kila aliyepata chake alivuka, akasimama nyuma ya Onyiego. Mwishowe akaja Onyiego mwenyewe, akanipongeza kwa hotuba, akaniomba nishuke kwenye kikapu chake.

Jumamosi, 15 Machi

Chepkosgei ameniamsha nikachume. Mvua! Na sina kikapu. Nimeenda pekupeku hadi kwa katibu Onyiego. Akauliza kama nataka ya borrow ama ya lend. Nikajibu borrow, kwa matamshi safi. Akacheka mpaka akakohoa, akanipa.

Kikapu kizuri, bado imara. Nimekipindua nikasimama juu yake kidogo, kujaribu. Uchaguzi ujao kitanifaa sana. Sidhani kama atakikumbuka.