Ukikosea Mara Tatu

Jumatatu, 15 Desemba 2003

Iandikwe na ikumbukwe: leo saa nne na dakika kumi asubuhi nyumba hii ya Uru imeingia rasmi kwenye mtandao. Mtandao wenyewe una kompyuta mbili. Moja iko sebuleni. Nyingine iko stoo, kati ya gunia la mahindi na bomba la kupulizia kahawa, na hiyo ndiyo Seva. Zote nilizitoa Holili, mitumba, lakini Seva haijui. Waya unapita dirishani. Kitabu cha kufundishia nimekisoma chote peke yangu, kurasa mia tatu, ukiondoa zile ambazo sikuzielewa.

Ndani ya Seva: orodha ya ukoo wetu. Majina 214, vizazi sita, miezi minne ya kazi. Tarehe 26 ukoo unakutana kwa Baba Mkubwa Ndelilio, mwenyekiti wetu, wakati watu wote wamepanda kutoka Dar na Arusha kwa Krismasi. Utachaguliwa katibu mpya. Katibu huyo ni mimi. Bado hawajui tu. Mpinzani ni mmoja: Ebenezeri, mtoto wa baba mdogo, jirani yangu. Ana kaunta buku lenye duara la kikombe cha chai kwenye jalada, na anadhani hizo ni kumbukumbu.

Hofu yangu: ataingia humu aibe majina. Nimetunga Kanuni na kuzibandika ukutani, chini ya picha ya Bikira Maria. Neno la siri liwe na herufi nane au zaidi, pamoja na tarakimu. Libadilishwe kila Ijumaa. Lisiandikwe popote. Lisiwe jina la mtu wala la ng'ombe. Ukikosea mara tatu unafungiwa siku saba, isipokuwa Msimamizi akufungulie.

Msimamizi ni mimi, na orodha ya ukoo anaifungua yeye tu. Baba Mkubwa, ambaye huja kila asubuhi kucheza karata za kwenye kompyuta, nimemfungulia akaunti ya Mtumiaji wa Kawaida. Mektrida, mke wangu, ni Mgeni.

Jumanne, 16 Desemba

Mektrida amesoma Kanuni. Akauliza Mgeni maana yake nini. Nikamweleza kitaalamu: Mgeni anaruhusiwa kuangalia, haruhusiwi kugusa. Akasema sawa, Baba Julius. Nilifurahi. Nilidhani tumeelewana.

Saa saba nikaja kula. Jikoni baridi. Mektrida yuko sebuleni, kitenge cha kanisani, mkoba juu ya magoti. Akanisalimia vizuri sana. Akauliza kama chakula kitachelewa, maana yeye mgeni hawezi kuingia jiko la watu akaanza kugusagusa.

Nimepika mtori wa ndizi mwenyewe. Umeungua chini. Mgeni akala kidogo, akashukuru, akasema wenyeji mnajitahidi. Kisha akauliza choo kiko upande gani.

Saa kumi na mbili jioni: nimempandisha cheo. Mtumiaji wa Kawaida. Chakula cha usiku kimepikwa na Mtumiaji wa Kawaida, na ulikuwa wali.

Alhamisi, 18 Desemba

Balaa! Nilishuka Moshi mjini kununua waya. Huku nyuma Baba Mkubwa akaja kwenye karata zake. Neno lake la siri nilimpa mimi mwenyewe, jepesi kabisa: kahawa1952, mwaka aliopanda miche yake. Akaliandika. Lakini neno la siri likiandikwa halionekani. Kwenye skrini zinatokea nyota tu.

Baba Mkubwa akaona nyota. Akamwambia Mektrida hiki chombo kinambishia: yeye anaandika kahawa, chenyewe kinaandika nyota. Akafuta. Akasema kama kinataka nyota, kipewe nyota. Akaitafuta nyota kwenye kibodi, akaipata, akabonyeza kumi, moja moja, kwa kidole cha shahada. Ikakataa. Akarudia mara tatu. Akafungiwa.

Mektrida anasema mzee alikaa mbele ya skrini hadi saa nane, kofia magotini, akimsubiri Msimamizi. Kisha akaondoka bila kuaga. Alisema jambo moja tu: kwamba nyumba hii alisaidia kuipandisha bati, na leo anaulizwa yeye ni nani.

Mwenyekiti wa ukoo! Siku nane kabla ya uchaguzi!

Ijumaa, 19 Desemba

Asubuhi mapema nimekwenda kuchuma isale. Aliyekosa akija na jani la isale mkononi, mkubwa hawezi kumkatalia msamaha. Hiyo ndiyo kanuni, na haijawahi kumfungia mtu. Tatizo, masale yangu yote ndiyo alama ya mpaka wa kihamba changu, shamba la nyumbani, na cha Ebenezeri, na Ebenezeri alikuwa ameshaamka. Akapaza sauti kutoka kwenye migomba yake akiuliza kilichosogea ni mpaka wa kihamba au ni akili. Katibu mtarajiwa hajibizani.

Baba Mkubwa nilimwamkia shikamoo mara mbili. Akalipokea jani, akasema yameisha. Nikamfungulia akaunti.

Leo ni Ijumaa, kwa hiyo nimebadilisha neno langu la siri. Ebenezeri ananijua tangu utotoni, atakisia lolote la Kiswahili. Nimeweka la Kichagga! Sitaliandika hata humu. Niseme tu ni salamu tunayosalimiana kila siku, ikifuatwa na mwaka. Nani atadhani mtu amejifungia kwa salamu? Juu ya Seva nimeweka isale lililobaki, kama kwenye mpaka. Nilijipongeza kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata moja. Mbili.

Saa kumi na moja: nimeandika neno la siri. Limekataa. Nimeandika tena. Limekataa. Shimbonyi au shimboni? Ile sh iko mbele, au nilianza na s? Nakisema Kichagga tangu nazaliwa, sijawahi kukiandika. Shuleni ukikiongea tu ulivalishwa kibao shingoni. Nikajaribu mara ya tatu.

Ujumbe: umefungiwa siku saba, wasiliana na Msimamizi wako.

Nimewasiliana naye. Hajui la kufanya.

Jumanne, 23 Desemba

Fundi wa kompyuta amekuja kutoka mjini, maeneo ya Mawenzi. Akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Nikamwambia afute kwao. Akasoma Kanuni ukutani, akauliza nani alizitunga. Nikasema zilikuja na kompyuta.

Nimepiga hesabu: kifungo kinaisha Ijumaa tarehe 26 saa kumi na moja. Mkutano unaanza saa nane, na wakubwa wetu wakianza na mbege, uchaguzi haufiki kabla ya saa kumi na moja. Mungu yupo. Mektrida ameuliza kwa nini yale majina sikuyaandika pia kwenye karatasi. Nikamwelekeza kwenye Kanuni ya tatu.

Ijumaa, 26 Desemba

Saa kumi na moja kamili. Ukoo mzima umenifuata sebuleni kwangu, wengine madirishani. Nafasi tatu. Nikasema kwa unyenyekevu: ndugu zangu, salamu yetu inaandikwaje?

Nisingeuliza! Wa Dar wakasema shimbonyi. Wa Arusha wakasema shimboni, na kwamba wa Dar wameshasahau kwao. Shangazi mmoja akasema inategemea unamsalimia nani. Nikaandika ya Dar. Ikakataa. Wa Arusha wakapiga makofi. Nikaandika ya Arusha. Ikakataa. Nikakumbuka! Niliandika kwa s, simbonyi, kama marehemu mama alivyoitamka. Nilikumbuka kabisa, nikaona hata vidole vyangu.

Ndipo Baba Mkubwa akasema nipishe, Melki. Hiki chombo yeye anakijua, ameshakaa nacho. Mkubwa akikwambia upishe, unapisha. Akakaa, akavua kofia, akaniuliza neno lina herufi ngapi pamoja na mwaka. Nikasema kumi na mbili, lakini Baba Mkubwa...

Akaweka nyota kumi na mbili. Akabonyeza kile kitufe kikubwa mwenyewe.

Siku saba.

Ebenezeri akafungua kaunta buku. Akasoma majina yote kwa sauti, na marehemu wote. Watu wakalia. Alichaguliwa kabla hajamaliza ukurasa wa pili. Mektrida naye alinyoosha mkono. Anasema alikuwa anafukuza nzi.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimetafakari usiku kucha. Kosa nimeliona: Kanuni zilikuwa legevu. Kuanzia leo ni herufi kumi na mbili, na ukikosea mara mbili ni siku kumi na nne.

Kisha nikamwendea Ebenezeri, nikampa mkono, nikamshauri kaunta buku lake liingizwe kwenye mtandao wangu kwa usalama. Akakubali upesi mno. Nimemsajili kuwa Mgeni; akaunti itafunguliwa kifungo kikiisha. Amekula hapa mchana, na jioni pia. Neno jipya la siri la siku hiyo nimeshalichagua, la Kichagga. Refu. Halipo popote.

Baada ya chakula akaomba ajaribu kompyuta mwenyewe. Nikajificha nyuma ya pazia nimwangalie mwizi wangu akifanya kazi. Robo saa nzima alikuwa anabonyeza stabilaiza, kile kisanduku cha kutuliza umeme. Ebenezeri hajui kuwasha kompyuta.