Juisi ya Octave

Octave aligundua jambo lile harusini, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya wali mkononi: wanaume wa kanisa la Pastor Évariste waliyapenda magari yao kupita kiasi. Kila wimbo ukiisha, mmoja aliinuka, akamnong'oneza mkewe, "Naenda angalia gari," akatoka. Alirudi akitafuna peremende, macho yanang'aa, akacheza kuliko bwana harusi. Hata fundi viatu aliyekuja kwa miguu alikwenda kuangalia gari, tena zaidi ya mara moja.

Wanawake walibaki ndani na soda iliyopata joto. Kanisa lilikataza pombe, na mke wa mtu hawezi kusimama nyuma ya buti la gari na chupa mkononi, watu waseme nini. Basi walikaa na vitenge vyao, wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Octave aliwatazama akashikwa na huruma. Huruma ya Octave ilikuwa na tabia moja: ikimshika, kuna mtu ataumia mfukoni.

Waliosema njia ya mwongo ni fupi hawakuwahi kufika Jules Street ya Johannesburg, ambayo imenyooka kupita mtaa wote wa Malvern bila kona. Octave, mzaliwa wa Bukavu, aliishi kwenye barabara ile kwa uongo mtupu na alikuwa bado hajafika mwisho wake. Aliwahi kupangisha chumba chenye mpangaji, na kumuuzia mwenye saluni dawa ya kuvuta wateja. Siri yake ilikuwa koti. Lilikuwa koti la bluu, kitambaa laini, vifungo vya pembe, alilonunua Paris au alilosema kalinunua Paris. Akilivaa, watu walimwita Monsieur. Akilivua, alikuwa mtu mwembamba anayesema sana.

Jumatatu alilivaa, akaenda kwa Mama Thérèse, rais wa kina mama wa kanisa, aliyeuza samaki wakavu na sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara.

"Mama Prezidan, ile harusi ya Jumamosi inakuja, mutakunywa tena soda ya moto?"

"Na tutafanya je? Pombe tulikatazwa."

"Nani amesema pombe? Mimi niko na jus. Jus ya pomme, inatoka Cape. Wanaikamua, wanaiacha, inajitengenezea gaz yenyewe."

Akafungua chupa ya chai aliyoijaza barafu, akammiminia. Ilikuwa saida, ile pombe ya tufaha inayouzwa Johannesburg kila kona, na mabango yake ni makubwa kuliko nyumba. Octave alikwisha amua kwamba mama anayetoka kanisani kwenda kwenye samaki na kurudi kanisani hana nafasi ya kusoma mabango.

Mama Thérèse alikunywa. Kwanza ulikuja ubaridi, halafu utamu wa tufaha, halafu uchachu uliovuta mashavu, na nyuma yake kitu kidogo kikapanda taratibu kuelekea masikioni. Akafumba macho.

"Inachoma-choma pua."

"Ni gaz, Mama."

Akanywa ya pili ili awe na hakika. Ya tatu aliinywa kwa niaba ya kina mama ambao hawakuwapo.

"Hii ni jus?"

"Jus tupu."

"Utaapa mbele ya kanisa?"

"Hata juu ya mimbari."

"Basi leta. Na wababa utawaletea nini? Wasituonee wivu."

Octave hakuwa amewafikiria wababa, lakini ulimi wake ulizoea kutangulia. "Wababa nitawaletea limonade ya Ulaya." Alimaanisha panaché, bia iliyochanganywa nusu kwa nusu na soda ya limau, ambayo nyumbani kwao walipewa wakwe wanaotaka kulewa kwa adabu.

Akataja bei ambayo hata hoteli ya Sandton ingeona haya kuitaja. Mama Thérèse hakupepesa jicho. Kina mama watachanga, alisema, naye atalipwa harusi ikiisha. Octave aliondoka akipiga mluzi.

Tatizo lilikuwa moja: duka la pombe halipokei maneno. Ndipo akaenda kwa Seif, fundi cherehani wa Tanga, ambaye wiki ile duka lake lilizama katika kitenge cha kijani cha kina mama wa harusi.

"Seif, shika koti langu. Nipe pesa, Jumamosi nalichukua."

Seif aligeuza ukosi, akapapasa bitana, akashusha pumzi. "Pesa za nini?"

"Biashara ya jus."

"Basi usiniambie zaidi, nisije nikaingia dhambini. Ila sikiliza, kaka. Jumamosi jua likizama hujaja, nauza. Hapa Malvern kila mtu ana hadithi, na mimi nimeacha kuzinunua."

Octave alilitundika mwenyewe katikati ya magauni ya kijani, akalishika mkono mara moja kabla ya kutoka. Aliwahi kulala na njaa ndani ya koti lile, lakini hakuwahi kulala bila hilo. Bila koti, ni nani angemsikiliza tena?

Jumamosi ilikuwa na jua kali la Novemba. Ukumbi wa kanisa ulikuwa zamani duka la magari, na vioo vyake vilikusanya joto lote la mtaa. Octave, amevaa shati tu, alipanga ndoo nyeupe zenye bomba, barafu ikigongana ndani: za tufaha upande wa kina mama, za limau upande wa wababa. Pastor Évariste, mtu mrefu mwenye miwani, akampa kipaza sauti.

"Ndugu Octave, tuambie. Kinywaji hiki ni nini?"

"Ni jus, Pastor. Matunda tu na baraka za Mungu. Naapa."

"Amina," kanisa likajibu, na vikombe vikapelekwa kwenye bomba.

Ee bwana, ile harusi. Mama mmoja ambaye goti lake liliombewa mwaka mzima alisimama akacheza hadi akavua viatu. Shangazi wa bibi harusi na mama wa bwana harusi, ambao hawakusalimiana tangu posa, walikumbatiana wakilia, wakaachana ili wakajaze vikombe, wakakumbatiana tena. Kwaya iliimba pambio moja kwa lugha tatu kwa wakati mmoja na ikasikika vizuri. Na wanaume? Hakuna aliyekwenda kuangalia gari. Alamu ya gari moja ililia huko nje mpaka ikachoka, na mwenyewe akaipigia makofi. Octave alionja kidogo huku na kidogo kule, akajiona mfadhili wa binadamu wote.

Jua lilipoanza kuinama, akakumbuka koti.

"Mama Prezidan, ile malipo."

"Kula kwanza, mwanangu. Umetumika sana."

Akala upesi. "Sasa, Mama."

"Tumshukuru Mungu kwanza."

Mama wa goti akaomba. Aliomba kwa kufuata njia waliyojia: Uvira, Kigoma, Lusaka, Harare, Beitbridge, na kila mpaka aliushukuru kwa jina lake. Octave alifumbua jicho moja akaona mwanga wa dirishani umekuwa wa chungwa, na mama bado yuko Zambia.

"Amina. Sasa, malipo," akasema Mama Thérèse. "Mutunza hazina anataka aone chupa. Lete zile tupu, tuone jina ya hiyo jus, tulinganishe bei kwa duka."

"Chupa nilitupa, Mama."

"Zote?"

"Zote."

"Eish." Mama Thérèse alisikitika, na mtu angeapa kwamba alisikitika kweli. "Bila chupa, nitakulipa bei ya jus ya pomme ya supamaketi. Ile hata Pastor anaijua."

"Lakini Mama, hii siyo..."

"Siyo nini, mwanangu?"

Meza nzima ikamgeukia. Octave alikitazama kile kipaza sauti alichoapia.

"Siyo kitu, Mama."

Alipokea kile kidogo akakimbia. Kila robot ya Jules Street, zile taa za kuongoza magari, ilimwonyesha nyekundu. Alimkuta Seif akifunga mlango.

"Jua limezama, kaka."

"Koti liko wapi?"

"Mama Thérèse alipokuja kuchukua nguo aliliulizia, ni la nani na linakaa mpaka lini. Mimi si mwongo, nikamwambia. Leo kamtuma mama mmoja, akakaa hapo kwenye kigoda tangu alasiri akilitazama jua. Lilipozama tu, akalipa."

Octave alikaa kwenye kigoda kile kile. Aliona uchungu wa kweli, na kibaya zaidi, hakuona mtu wa kumlalamikia.

Jumapili alikwenda kanisani kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Pastor Évariste alipanda mimbarini ndani ya koti la bluu lenye vifungo vya pembe. Mikono ilikuwa mifupi kidogo, lakini lilimkaa.

"Nawashukuru kina mama," alisema. "Walichanga kwa ajili ya jus, pesa ikabaki, wakamkumbuka mtumishi wao. Na mwezi ujao tuko na harusi ingine. Ndugu Octave ataleta tena jus, kwa bei ile ile ya jana."

"Amina," likasema kanisa, na sauti ya Mama Thérèse ilisikika juu ya zote.

Watu walipotoka, Pastor alisimama mlangoni akiwapa mkono. Alipofika Octave, akamvuta karibu, ukosi wa bluu ukamgusa shavu.

"Ile limonade ya wababa," akanong'ona. "Wakati mwingine, ndugu yangu, punguza limau."