Kilo Zetu Zilikuwa Zikitusubiri Jinja

Leo mchana, saa nane na dakika kama ishirini, heshima yangu imeporomoka mjini Jinja mbele ya watu kumi na mmoja wanaonijua na wengine wapatao arobaini wasionijua. Sasa wananijua. Naandika nikiwa kitandani katika nyumba ya wageni hapa Mpumudde. Mlango nimeufunga kwa ufunguo. (Mke wangu, Robina, yuko uani na wenzake. Nasikia wanacheka. Sihitaji kuuliza wanacheka nini.)

Nitaeleza kwa utaratibu, maana utaratibu ndio pekee uliobaki kwangu.

Mimi ni mtunza stoo Mbale. Sikusoma sana darasani, lakini nasoma vitabu, na nikisoma jambo nalifanyia kazi. Mwaka huu nilisoma kuhusu uzito wa mwili. Mwezi wa kwanza nikaunda kikundi cha watu kumi na wawili, tukaenda zahanati kupimwa, nikaandika kila mtu na kilo zake. Mimi nilikuwa tisini na tatu. Afande Okello, sajenti jirani yangu, alikuwa tisini na saba. Huyu shika jina lake. Wengine tulitaka tu kufunga vifungo vya suruali, lakini yeye anataka kozi ya kupandishwa cheo. Mwaka jana alikataliwa kwa sababu ya tumbo. Safari hii ameambiwa afike akiwa chini ya kilo tisini, na amebakiwa na wiki tano.

Zahanati ni mbali, kwa hiyo nikatafuta mizani yetu wenyewe. Mzee mmoja alikuwa anafunga ghala lake la kahawa. Akanipa mizani ya zamani ya kusimama juu, ya chuma, nzuri kabisa, ila lile jiwe linalotelezeshwa kwenye mkono wake lilikuwa limepotea. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nikatengeneza jiwe! Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikaweka kitu cha kilo mia juu ya mizani, nikalining'iniza kopo kwenye alama ya mia, nikaongeza mchanga kijiko kwa kijiko mpaka mkono ukatulia. Kisha nikaliziba kopo kwa gundi. (Nilipiga hata picha. Tafadhali, mwenye picha hiyo aifute.)

Baada ya wiki sita za kutembea na kula mboga, tukajipima nyumbani kwangu. Ajabu! Mimi themanini na nne. Afande Okello themanini na saba. Watu wote kumi na wawili tumepungua, hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma. Siku hiyo wakaanza kuniita Daktari.

Robina peke yake aliuliza. "Baba Nambozo, mbona suruali bado haifungi?"

Nikamjibu kwa upole kwamba mwili hupungua ndani kwanza. (Ndiyo. Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

Basi tukakubaliana kujipongeza. Siku mbili Jinja, kwenye ile bustani mpya ya michezo yenye bembea kubwa, treni ndogo, na kamba ya kuteleza juu ya bwawa. Vitamu vingekuwepo, nami nikaviwekea kanuni: kila kilo moja chini ya lengo lako, unaruhusiwa kitamu kimoja. Lengo langu lilikuwa themanini na nane, kwa hiyo nilikuwa na haki ya vitamu vinne. Afande alikuwa na haki ya vitatu. Kila mtu nilimwandikia kadi yake na kuitia sahihi.

Tuliingia saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa nimekwisha kula kabalagala za moto, zile za ndizi, sahani nzima. Karibu miezi miwili sijaonja sukari, jamani! Nilifumba macho. Saa tano na nusu nikala keki ya karoti yenye malai juu. Saa sita na robo, aiskrimu ya embe.

"Hiyo ni ya tatu," akasema Robina.

"Ya tatu kati ya nne," nikamwonyesha kadi.

Afande Okello alikuwa anapepesuka kwa furaha. Yeye alichagua aiskrimu mara zote tatu, na kila mara alikuja kuniuliza kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka kambini.

"Daktari, una uhakika? Mimi naogopa ile kozi."

"Afande, wewe ni themanini na saba. Hesabu haina woga. Kula."

Akala. Mtu mzima wa miaka arobaini na minne, analamba aiskrimu huku anatabasamu kama aliyepewa likizo. Nilijisikia vizuri mno. Nilisema moyoni: hii ndiyo faida ya elimu.

Saa nane tukaenda kwenye kamba. Hapo wanakupandisha mnarani, wanakufunga mikanda, unateleza juu ya maji mpaka ng'ambo. Sharti lake limeandikwa kwenye ubao: mwisho kilo tisini. Afande alipousoma ubao akanyoosha mgongo.

"Mimi sasa ni mtu wa kupanda hii," akawaambia wenzetu. "Mwaka jana ningekata kamba."

Chini ya mnara alisimama binti mmoja mwenye fulana ya kijani, anaitwa Nangobi, na mizani ya umeme. Unapanda, anasoma uzito wako, anautangaza kwa sauti ili mwenzake wa juu arekebishe mikanda, halafu anauandika kwa kalamu nene juu ya kiganja chako. Nikajitokeza wa kwanza. Kiongozi hutangulia. (Na nilikuwa nimebakiza kitamu kimoja, ile pamba ya sukari ya rangi ya waridi, nimeishika mkono wa kushoto.)

"Kilo ngapi, mzee?" akaniuliza.

"Themanini na nne," nikajibu. Nikaongeza, bila kuulizwa, "zamani nilikuwa tisini na tatu."

Nikapanda.

"Tisini na nne na nusu!" akapaza sauti Nangobi.

Nikageuka nyuma kumwona mtu aliyepimwa. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Binti, mizani yako ina tatizo."

"Weka pamba pembeni, ssebo, labda ni hiyo."

Watu wakacheka. Nikampa Robina pamba. Nikavua viatu. Nikatoa funguo, simu na kijitabu changu.

"Tisini na tatu na kitu. Mzee, bado. Kamba mwisho tisini."

Sasa, hapa ndipo ningeshuka kimya kimya na kuishi maisha yangu. Lakini nilitazama nyuma nikamwona Afande Okello. Tabasamu lilikuwa limeondoka. Alikuwa anaitazama mizani kama mtu anayetazama mlango unaofungwa.

"Usijali, Afande," nikasema kwa sauti ya kutosha foleni nzima kusikia. "Mizani hii ni mbovu, na nitawathibitishia kisayansi."

Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaagiza maji kwenye kibanda: pakiti mbili za chupa za lita moja na nusu, kila pakiti chupa kumi na mbili, hazijafunguliwa. Nikapanda juu ya kiti cha plastiki nikawaeleza watu. "Ndugu zangu, lita moja ya maji ni kilo moja. Hapa Jinja, kule Mbale, popote. Pakiti mbili ni lita thelathini na sita. Weka na plastiki kidogo, isizidi thelathini na saba. Mizani hii ikituonyesha arobaini, mtajua inaongeza uzito wa watu."

Foleni ikasimama kutazama. Hata treni ndogo ilisimama, ingawa nadhani ilikuwa imefika kituoni. Afande Okello mwenyewe ndiye aliyezibeba pakiti na kuziweka juu ya mizani, taratibu, kama anaweka mtoto.

Nangobi akainama. Akasoma. Akaniangalia kwa huruma ambayo sitaisahau.

"Thelathini na sita na nusu, ssebo."



Mtu mmoja kule nyuma, simfahamu, akasema, "Mwalimu ametufundisha vizuri. Mizani ni nzima."

Wakapiga makofi! Walidhani niko upande wa bustani!

Nilikuwa nimethibitisha, kwa njia yangu mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba mimi ni mnene. Na si mnene tu: ukiniacha na viatu vyangu nimeongezeka kilo moja na nusu tangu mwezi wa kwanza. Wenzangu wakaanza kupanda mmoja mmoja, bila kunitazama. Nangobi akawa anatangaza, na kila tangazo lilikuwa kofi. Wote walirudi walikokuwa, wengine wamepita. Aliyepungua kweli ni Hajat Zamzam peke yake, kilo nne, na Hajat hajawahi kuisoma ratiba yangu. Anabeba mahindi tu.

Wa mwisho alikuwa Afande Okello. Alivua kofia. Alivua mkanda.

"Tisini na nane."

Alikaa kwenye benchi, akatazama ile alama nyeusi juu ya kiganja chake. Nilitamani anipigie kelele. Sajenti akinyamaza ni jambo baya sana.

Hajat Zamzam ndiye aliyenigeukia. Huyu mama ana duka la nafaka Namatala, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Daktari, hebu niambie. Lile jiwe lako la kopo ulilipima na nini?"

"Na kitu cha kilo mia, Hajat. Unakijua. Ni gunia la mahindi, nililiazima kwako."

Akaweka mkono kifuani. "La kwangu?"

"La kwako. Gunia ni kilo mia. Kila mtu Mbale anasema hivyo."

"Yarabi!" Akakaa chini, chini kabisa, kwenye nyasi. "Bwana Mafabi! Gunia la Namatala liwe na kilo mia? Mnunuzi gani atalichukua? Sisi tunajaza, tunashindilia kwa goti, tunaongeza mpaka linavaa kofia, halafu ile kofia tunaishona kwa kamba! Lile lilikuwa na mia na kumi na mbili, na hapo nilikuwa na haraka!"

Gunia la namna hiyo wenzetu wa Kenya huliita lumbesa. Nimesoma makala nzima kuhusu lumbesa. Nimekemea lumbesa kwenye mikutano. Na nimeipima afya ya watu kumi na wawili kwa lumbesa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ulisema unataka gunia! Nilidhani unataka kupika!"

Hapo Robina alianza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia nguzo ya mnara. Nangobi alicheka. Foleni nzima ilicheka. Kiganja changu kilikuwa kimeandikwa 94.5 kwa wino ambao, nimethibitisha, hautoki kwa sabuni, ndimu wala mchanga.

Nikamsogelea Afande. Aiskrimu yake ya tatu, aliyoiacha kwenye benchi alipokwenda kubeba maji, ilikuwa tena mkononi, imebaki nusu, inayeyuka hadi kwenye kiwiko. Akaninyooshea.

"Kula, Daktari. Wewe huna kozi."

Hilo ndilo lililonileta chumbani na kunifanya nifunge mlango. Kuchekwa nimekuzoea kidogo kidogo. Lakini yule mtu aliniuliza mara tatu. Mara tatu! Nami mara tatu nikamwambia hesabu haina woga.

Nilipofika kwenye sentensi hiyo, mlango ukagongwa. Ule ugongaji wa kijeshi, mara mbili, basi.

"Daktari. Fungua."

"Afande, samahani sana. Nisamehe."

"Samahani haipunguzi kilo. Fungua."

Nikafungua. Alisimama na Hajat, na Robina nyuma yao anafuta macho kwa kitenge.

"Nimepiga hesabu," akasema Afande. "Wiki tano. Kilo nane na kidogo. Nikikimbia kila asubuhi, nikiacha ule ugali wetu wa posho usiku, naweza. Siyo?"

Nilifungua mdomo kutoa maelezo. Robina akanitazama. Nikaufunga.

"Mimi sijui, Afande," nikasema. Nadhani ni mara ya kwanza mwaka huu nimelitamka hilo.

"Vizuri. Sasa tunaelewana. Kuanzia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tunapanda barabara ya Wanale, mimi na wewe, mpaka siku ya kozi. Kila siku."

"Nitakuja, Afande. Naapa."

"Lakini hutakuja mikono mitupu. Utabeba zile kilo kumi na mbili ulizotuficha. Mgongoni. Ujue zinakaaje."

"Mahindi natoa mimi," akasema Hajat. "Sadaka."

"Na nani atazipima?" nikauliza. (Sikuweza kujizuia.)

Wote watatu wakasema kwa pamoja: "Siyo wewe!"

Kwa hiyo, marafiki, mkiniona asubuhi kwenye mlima wa Wanale, nahema nyuma ya sajenti, nimebeba kifuko cha mahindi mgongoni, nisalimieni kwa heshima na mpite. Maswali yote muulizeni Afande. Kwa wiki tano zijazo mimi sina pumzi ya kujibu.