Nilivyosimama kwa Miguu Yangu Ziwani Dunga

Leo msinipigie simu. Nimeaibika ufuoni Dunga, mbele ya mama mkwe, Siku ya Jamhuri, wakati nchi nzima iko likizoni na kila mtu ana nafasi ya kutazama.

Mnanijua. Nilitoka Katito na begi moja, nikafanya kazi Doha, nikarudi na diploma ya usimamizi wa miradi na suti ya kijivu. Sikusaidiwa na mtu. (Mjomba alinunua tiketi ya ndege, lakini hayo tuyaache.) Jumamosi ijayo wazee wangu wanakwenda kwa kina Akinyi kumposa. Mama yake, anayeuza samaki hapo Dunga, bado hajaamua kama mimi ni mwanamume au ni maneno tu.

Kwa hiyo leo, kwenye sherehe ya hapo ufuoni, nilipoombwa kuzungumza baada ya chifu kusoma hotuba ya rais, sikusita. Nikaeleza jinsi nchi yetu ilivyojitoa mikononi mwa wakoloni, hadi ikajiandikia katiba yake. Nikamalizia: "Uhuru ni kusimama kwa miguu yako mwenyewe. Mimi ni mfano."

Watu wakapiga makofi. Mama Akinyi hakupiga. Alikuwa ameshika kasia.

Kumbe kulikuwa na mashindano ya mashua, naye alikuwa katika ile ya akina mama. Zawadi ni mbuzi dume. Nikamwendea Odhiambo, nahodha wa mashua ya vijana.

"Wapiga makasia mnao," nikamwambia. "Msimamizi hamna."

"Msimamizi anafanya nini?"

"Anasimamia."

"Sawa, omera, lakini asimamie akiwa amekaa. Mashua hii haipendi mtu aliyesimama."

Nikakaa. Tukaenda vizuri. Tulipokaribia boya la kugeukia, mashua ya akina mama ilikuwa ubavuni mwetu kabisa. Nikajiuliza: Mama Akinyi anione nimekaa hivi, kama gunia la dagaa omena? Nikasimama. Nikainua bendera yangu ndogo. Mashua ikageuka. Mimi sikugeuka.

Nilipoibuka nilimwita Odhiambo. Akajibu bila kutazama nyuma: "Ogelea, mkubwa! Tukisimama tunakosa mbuzi!"

(Diploma yangu haikugusa kuogelea.)

Mashua iliyosimama ni ile ya akina mama. Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hata mikono hawapeani. Wakikutana njiani, kila mmoja anatafuta upande wake. Na aliyekuwa karibu nami ni Mama Akinyi. Nilimwona akisita. Nami nikasita, kwa ile sehemu yangu iliyokuwa juu ya maji. Kisha akafumba macho, akageuza uso, akanishika kiunoni na kuvuta kama anayevuta wavu.

Suruali ilipanda mashuani. Mimi nilibaki ziwani.

"Yawa, Mama Akinyi, vuta mtu, acha nguo," mwenzake akamwambia.

"Nitajuaje? Nimefumba macho."

Wenzake wakanivuta kwa koti. Mama Akinyi akanirushia leso yake ya kujifunga, bado ameangalia upande wa Homa Bay, ng'ambo ya ziwa. Tukarudi ufuoni tukiwa wa mwisho, vijana wakiwa wameshamfunga mbuzi wao kamba. Leso ilikuwa fupi. Nilipokanyaga mchanga, chifu alikuwa bado na kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, mgeni wetu amerudi. Alisema anasimama kwa miguu yake mwenyewe. Miguu ndiyo hiyo."

Hata mapadri wawili waliokuja kuombea sherehe walicheka.

Jioni hii Akinyi amenipigia. Amejaribu kuzungumza kama mtu asiyecheka.

"Mama anasema wazee wako waje Jumamosi."

"Amekubali?"

"Anasema mtu aliyemkosesha mbuzi hamwachi aende hivi hivi. Mje na mbuzi dume. Suruali yako ameianika, utaikuta. Na anasema ukifika, ukae."

Anayejua mbuzi mzuri anapouzwa aniandikie. Wanaotaka kucheka, nawaomba wakae chini kwanza.