Mpimaji Sukari Avuka Daraja

Rodell Vance alikuwa na meno ishirini na nane, na kati ya hayo ni moja tu lililokuwa na ajira. Lilikuwa la mbele, juu, upande wa kushoto. Yeye alipotabasamu, jino hilo lilitangulia kama mwenyeji anayefungua mlango, na watu wakaingia wenyewe. Ndilo lililouza magodoro ambayo hayajawahi kushonwa. Ndilo lililowaandikisha wajane kumi na wanne safari ya Florida kwa basi ambalo mpaka leo halijafika.

Sasa jino lilikuwa linacheza. Soda sita kwa siku tangu utotoni zilikuwa zimefanya kazi yao kwa uaminifu, na daktari wa meno alitaka fedha taslimu kabla ya mgonjwa kufungua mdomo. Rodell hakumlaumu. Wote wawili walikuwa katika biashara ya midomo.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Januari alisimama kwenye foleni dukani kwa Wendell Akers, ulimi umelishikilia jino lisije likajiuzulu, akawa shahidi wa jambo kubwa. Mteja wa mbele yake alitelezesha kadi ya msaada wa chakula. Mashine ikalia, ikakataa soda.

"Ni sheria mpya ya jimbo," Wendell akasema. "Tangu mwaka mpya, kadi hainunui soda."

"Hii haina sukari. Imeandikwa hapa."

"Hata hiyo."

"Na hii juisi?"

Mashine ikaipokea juisi bila kinyongo, ingawa sukari yake ingetosha kusimamisha kijiko.

"Kwa nini hii ndiyo, ile hapana?"

"Mimi nabonyeza tu, kaka," Wendell akasema, akijifuta jasho katikati ya baridi. Akikosea, duka lingeweza kunyang'anywa ruhusa ya kupokea kadi, na bila kadi nusu ya mji ingempita mlangoni bila hata kumpungia mkono.

Rodell aliangalia lile jasho kama mkulima anavyoangalia mawingu.

Kesho yake alivaa koti jeupe alilosahau kulirudisha alipofukuzwa buchani. Mfukoni alitia kibomba cha fundi wa magari, kile unachochungulia kwa jicho moja kujua hali ya maji ya rejeta. Hivyo ndivyo jimbo la West Virginia lilivyopata Mpimaji Sukari wake wa kwanza, bila gharama yoyote kwa serikali.

Alianzia kwa Wendell, akamweleza kwamba kila kinywaji lazima kipimwe maabara ndipo kadi ikinunue. Wendell alitoa gharama za maabara bila kuuliza maabara iko wapi. Halafu akamvuta pembeni. Je, kuna gharama ya ziada inayoweza kuifanya soda ihesabike kuwa juisi?

Ilikuwepo.

Kufikia saa sita mchana maduka matatu yalikuwa yamepata vibandiko vya kijani vya kuonyesha yamepimwa, na bahasha ya fedha za jino ilikuwa imenona. Lilibaki duka moja tu kabla ya daraja, la Bibi Opal Muncy, mjane wa miaka sabini na mbili mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo.

"Umefika, mwanangu," Bibi Opal akasema kabla Rodell hajajitambulisha. "Tumekusubiri. Hawa wananiua kwa maswali."

Hawa walikuwa Burl Estep, mchimba makaa mstaafu, na Verlene Sizemore, mwenye koti la manyoya na maoni.

"Mpimaji, amua," Burl akasema. "Nimekaa chini ya ardhi miaka thelathini na moja. Leo mashine inaninyima soda moja, lakini inanipa keki yenye sukari juu, katikati na chini. Hiyo ni afya?"

"Ni kodi yangu, Burl," Verlene akasema. "Ukitaka soda, nunua kwa hela yako. Kadi ni ya chakula."

"Kodi yako ipi? Mumeo anawakimbia watu wa kodi zaidi ya mimi ninavyomkimbia daktari."

"Na daktari alikwambia nini kuhusu sukari?"

Burl akachunguza viatu vyake. "Hayo ni mambo yangu na daktari."

"Basi na soda iwe mambo yako na mfuko wako."

"Wewe kikapuni una chupa nne za soda, Verlene. Wewe hunenepi kwa sababu unalipa taslimu?"

Watu wakacheka, na Verlene naye, akijizuia bila mafanikio. Rodell akainua mkono kama askofu. Alitamka kwamba pande zote mbili zina hoja nzito, na kwamba maabara italitazama suala hilo kwa kina. Ilikuwa hukumu isiyo na kitu ndani, na kila mmoja aliondoka nayo akiamini ameshinda.

Duka lilipotulia, Bibi Opal akamimina soda kwenye kikombe cha karatasi. "Nipimie hii, nione."

Rodell akadondosha tone kwenye kibomba, akafumba jicho moja. Akatikisa kichwa kama aliye msibani.

"Bibi, hii ni hatari. Vijiko kumi na kimoja kwa kopo."

"Kumi na kimoja," Bibi Opal akarudia taratibu. Akavaa miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, hasa pale mbele, juu, upande wa kushoto. "Basi siwezi kulala nayo humu. Ninazo katoni themanini stoo. Zichukue zote ukazipime."

Katoni themanini. Ng'ambo ya daraja lilikuwa jimbo jingine, Kentucky, na huko kadi bado ilikuwa inanunua soda. Rodell aliona jino jipya. Aliona hata la dhahabu.

"Jimbo litakushukuru, Bibi."

"Acha tu amana, kama yule mwenzako wa mwaka jana. Amana kwanza, ndipo sampuli zitoke. Au sheria imebadilika?"

Hapo Rodell akanaswa na cheo chake mwenyewe. Mpimaji wa jimbo hawezi kuijua sheria ya jimbo kidogo kuliko bibi wa dukani. "Haijabadilika," akasema kwa heshima, na bahasha ya jino ikahamia kwenye mfuko wa aproni.

"Zipange wima," Bibi Opal akamwagiza alipokuwa akipakia. "Usizigeuze chini juu, gesi itatoka."

Hakugeuza hata moja. Alivuka daraja polepole, gari likikaribia kukaa chini kwa uzito, akaegesha upande wa Kentucky ajipongeze. Akafungua kopo, akamiminia humo karanga za chumvi, kama babu yake alivyomfundisha, akavuta funda.

Ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshewa sarafu.

Akaligeuza kopo kusoma chini, karanga zikamwagika mapajani. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa ya Agosti iliyopita. Akataka kutukana, lakini bado alikuwa anatafuna, na karanga moja ikagoma. Jino likatoka bila maumivu, kama mgeni aliyekuwa ameshafunga mizigo.

Rodell alilitia kwenye mfuko wa koti. Bado alikuwa na ulimi, na duka la kwanza upande ule lilikuwa mbele yake. Akaingia. Mama aliyesimama kaunta alikuwa na miwani ya mnyororo. Mwisho wa kaunta, mwanamume mwenye beji ya polisi na kiuno kipana alikuwa akila supu ya maharagwe.

"Karibu, mpimaji," yule mama akasema. "Mimi ni Pearl. Dada yangu Opal amenipigia simu."

"Amesemaje?" Neno lilitoka na filimbi.

"Kwamba alikupa upime soda isiyo na sukari, ukaikuta na vijiko kumi na kimoja. Hobert, mume wangu, amefurahi sana. Anasema hajawahi kukutana na mpimaji."

Hobert akamwinamishia kichwa kwa adabu, akaendelea na supu.

"Mimi nina katoni sitini za Septemba," Pearl akasema. "Kampuni haizirudishi, na dampo wanatoza kwa uzito. Stoo iko huku. Amana yangu si lazima iwe hela, hicho kibomba kinatosha."

Rodell akaweka kibomba kaunta. Halafu, kwa mazoea ya miaka ishirini, akatabasamu.

"Funga mdomo, mwanangu," Pearl akasema, akimfungulia mlango wa stoo. "Baridi itaingia."