Dakika Sitini na Tisa hadi Iringa

Jumanne, 10 Desemba 1974
Iyunga, Mbeya. Barua ya Dada Helena imefika kutoka Iringa. Mwanawe anabatizwa Jumapili saa nne asubuhi. Kati yangu na Damari, binti wa baba mdogo, atakayewahi kufika ndiye atakayembeba mtoto kanisani. Damari anafunga mzigo apande basi kesho. Mimi nimefungua atlasi. Mbeya hadi Iringa kwa mstari ulionyooka: sentimita tisa nukta mbili, yaani kilomita 276. Ndege ndogo ya misheni huenda kilomita 240 kwa saa. Dakika sitini na tisa. Basi, saa nane. Nimemhurumia Damari.

Jumatano, 11
Damari ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Akaniuliza dirishani kama atlasi yangu ina kiti cha mbele. Nikaenda uwanja wa ndege na barua ya maombi, aya tatu, mwandiko safi. Rubani, Bwana Marcelino, akaisoma yote. Akasema barua ni nzuri, binti, ila mawingu. Saa nane Damari alikuwa Iringa. Mimi nilikuwa benchini.

Alhamisi, 12
Mawingu yamepungua. Nimekwenda na kilo ishirini za mchele wa Usangu, zawadi ya mama kwa mzazi. Bwana Marcelino akanipima kwenye mizani, kisha mchele. Amebakiwa na nafasi ya kilo ishirini na tano. Mimi ni arobaini na moja. Akaniuliza nusu yangu ipi isafiri. Mchele umeondoka saa nne kamili. Nimeupungia mkono.

Ijumaa, 13
Telegramu ya Helena: MCHELE UMEFIKA. DAMARI ANA MATUBWITUBWI. MTOTO UTAMBEBA WEWE. NJOO.
Nimeyaombea mashavu ya Damari, kisha nikashukuru. Yotamu, mlinzi wa uwanja, anasema ndege ilitua Iringa saa tano na dakika kumi na moja. Nimekosea dakika mbili tu! Baba amenikatia tiketi ya basi la kesho. Amesema, mwanangu, safari hii ukae ndani yake.

Jumamosi, 14
Nilikaa, kweli. Kiti cha dirishani. Dakika kumi kabla ya kuondoka nikatazama juu: hakuna wingu hata moja. Nikashuka kimya kimya. Basi likaondoka. Uwanjani Yotamu akasema ndege iko Tabora, Bwana Marcelino harudi mpaka Jumatatu. Baba hakugomba. Aliuliza tu atlasi iko wapi. Nilikuwa nimeikalia.
Alipotoka nikapima. Tabora hadi hapa, saa moja na dakika arobaini na tisa. Bwana Marcelino akibadili mawazo, akaruka kesho saa kumi na mbili, nitakuwa Iringa saa tatu kasoro dakika mbili. Ubatizo ni saa nne. Kwa hiyo nina saa nzima ya ziada, na gauni nitalipigia pasi hukohuko.